Nusu ya kichwa imenyolewa, swali halijajibiwa

Leo mchana nilikuwa kwa kinyozi wangu hapa Ngamiani, Tanga, upande mmoja wa kichwa ukiwa umekwisha kunyolewa, alipoingia binti wa chuo mwenye dodoso la utafiti wake.

“Samahani kaka, wewe umeajiriwa au umejiajiri?”

Kinyozi aliinua mashine, ikabaki ikinguruma hewani karibu na sikio langu, naye akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kiti si chake, kioo si chake, na bei imebandikwa ukutani na mwenye saluni. Lakini mshahara hana, kwani kila jioni hutoa kwanza hesabu ya tajiri, na kinachobaki ndicho riziki yake.

“Andika tu najitafutia, dada.”

Kisanduku cha kujitafutia hakikuwapo.

Nikakumbuka kwamba wataalamu wa takwimu za kazi waliokutana Geneva mwaka 2018 waliongeza kundi la watu wa namna hii, wasio na mshahara lakini wanaomtegemea mwingine, ambalo mgawanyo wa awali wa makundi ya wafanyakazi, wa mwaka 1993, haukulitenga peke yake. (Katika orodha ya kimataifa ya kazi, ISCO-08, kinyozi na msusi wamewekwa pamoja chini ya namba 5141, wasusi wetu sijui watasemaje.)

Binti alisita, kisha akatia alama kwenye “amejiajiri”. Mashine ikashuka tena kichwani.

Ndugu zangu mnaoshika mashine, mkasi au kitana, ninyi mngemjibu nini?