Ukoko

Jumapili mdogo wangu alipaza sauti kutoka sebuleni: "Dada, wali unaungua!" Sikukimbilia jikoni. Nilimkimbilia yeye, nikamgusa paji la uso. Lilikuwa la baridi. Wali ulikuwa unaungua kweli.

Usiku ule wa 2016 jiko letu lilikuwa limezimwa. Alikuwa na homa siku ya tatu, akasema ananusa ukoko. Nikamwambia hakuna kinachoungua, alale. Asubuhi akaniita kwa jina la shangazi. Zahanati wakasema malaria imepanda kichwani, ingawa kipimo kilikuwa kimeikataa malaria mara mbili. Shangazi akasema ni mkono wa mtu. Siku mbili zikapotelea hapo, mpaka degedege likamwangusha, mtu mzima wa miaka 34.

Hospitali ya rufaa walitaka maji ya uti wa mgongo. Sindano ile kwetu inaogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Nikatia sahihi mkono ukitetemeka. Muuguzi akanielekeza nimkunje: magoti tumboni, kidevu kifuani. "Mshike, dada, asinyooke." Paji langu liligusana na lake, pumzi yake ya moto usoni pangu. Nyuma yake niliona kichupa, na matone yakidondoka taratibu. Nikayahesabu. Yalikuwa safi kama maji ya mvua, nikasema alhamdulilahi.

Daktari hakufurahi nami. Alisema usaha ungeyachafua maji, lakini virusi huyaacha safi hivyo hivyo. Alimshuku kirusi kilekile kinacholeta vidonda vya homa midomoni. Kikipanda kwenye ubongo hupenda sehemu za pembeni, zinazotunza harufu na kumbukumbu. Hakungoja majibu, akaanza papo hapo asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hicho. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, kwa siku 21. Sindano 63, nyingine nikizitafuta duka hadi duka.

Alitoka akitembea. Ila mazishi ya Mama, ya 2014, hayamo tena kichwani mwake. Mwanzoni nilimwambia ukweli kila alipouliza, na kila mara alilia upya, kilio cha siku ya kwanza. Sasa nasema amepumzika. Sijui kama natenda haki.

Jumapili hiyo, tulipomaliza kula, akasema: "Mwekee Mama ukoko, anaupenda."

Nikauweka kwenye sahani, nikaufunika.