Nilivyomuuguza baba sonona baada ya kiharusi kumwondolea usemi

Baba yangu ni mkulima wa zabibu wa Hombolo, mtu aliyezoea kusikilizwa katika vikao vya kijiji. Alipopata kiharusi, wengi waliuhurumia mkono wake wa kulia uliopooza, lakini mimi niliyekuwa nikimuuguza niliona kwamba kilichomuumiza zaidi ni kukosa usemi.

Daktari alitueleza kwamba hali hiyo huitwa afasia, na kwamba hutokea zaidi pale kiharusi kinapoathiri upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu walio wengi ndio unaobeba lugha. Takribani theluthi moja ya wanaopata kiharusi huipata. Mgonjwa anajua anachotaka kusema, ila neno halimjii, au humjia jingine kabisa. Maneno ya mazoea huweza kubaki mazima, na hilo ndilo lililowachanganya wageni wetu: mtu akimwamkia "Shikamoo mzee", baba alijibu "Marahaba" kwa sauti iliyonyooka, kisha akashindwa kutaja jina la mwanawe aliyeketi pembeni yake. Baadhi ya jamaa walinong'ona kwamba amesusa, wengine wakasema amerukwa na akili, wakawa wanamjadili mbele yake ilhali anawaelewa.

Haukupita muda akaanza kukataa chakula. Aliamka usiku wa manane na kukaa kitandani hadi kunapambazuka, na wageni wakija aligeukia ukutani. Nilishuku sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa. Ugumu ni kwamba sonona hutambuliwa zaidi kwa maswali, na mtu asiye na maneno hawezi kueleza kwamba amekata tamaa. Kwa hiyo niliandika kwenye daftari alichokula, alivyolala, alipolia na nani alikuwepo, nikalipeleka kliniki ya afya ya akili. Ndugu kadhaa walipinga, kwani hapa Dodoma jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, bado linazitisha familia nyingi, nami naamini kwa dhati kwamba hofu hiyo inawachelewesha wagonjwa bila sababu. Daktari alilisoma daftari, akamwuliza baba maswali ya kujibiwa kwa kutikisa kichwa, akamwandikia dawa na kutuonya tusiziache njiani, kwa kuwa nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana.

Dawa zilimrudishia usingizi. Mazungumzo tulilazimika kuyajenga upya wenyewe, kwa maelekezo ya mtaalamu wa tiba ya usemi, ambao nchini ni wachache mno. Tulizima redio tulipozungumza naye, tukamwuliza "Chai au uji?" huku tukimwonyesha vyote viwili, kisha tukasubiri bila kummalizia neno. Kusubiri huko kulimtesa mama kuliko jambo lolote. Nilijifunza pia kwamba maneno yanayofuatana kwa mpangilio hutoka kwa urahisi zaidi: katika mavuno ya Agosti nilimwuliza tumejaza kreti ngapi, naye akakunja vidole vya mkono wa kushoto, "moja, mbili, tatu, nne", akasimama hapo na kunitazama machoni. Zilikuwa nne.

Nyimbo zilisaidia kwa namna yake, kwa sababu uimbaji hutegemea pia upande wa kulia wa ubongo. Jioni nilimwanzishia nyimbo za kanisani za Kigogo, na beti alizozijua tangu utotoni zilitoka na maneno yake yote. Hazikumrejeshea mazungumzo, wala nisingependa mtu mwenye mgonjwa adanganyike hivyo, lakini zilimrudisha ibadani, mahali ambapo hakuna aliyemtaka ajieleze.

Siku hizi anahudhuria tena vikao vya wakulima. Kabla ya kikao mimi humwomba mwenyekiti aweke hoja kwa namna inayoweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana, na baba hutoa uamuzi wake kama wengine. Dawa anaendelea nazo kwa ushauri wa daktari, na daftari bado naliandika, hasa nyakati za mavuno, anapochoka na maneno yakampungua.