Mjomba na Almasi za Picha

Enzi hizo ukuta wa kuzunguka machimbo ya tanzanite ya Mirerani ulikuwa haujajengwa, na mjomba wangu bado alikuwa anashinda Arusha mjini na madalali wenzake, tanzanite kazikunjia kwenye karatasi mfuko wa shati. Mimi nilikuwa nasoma Tengeru. Jumamosi moja nikampitia kijiweni, mkononi nina michoro ya semina yangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu lete hizo."

Akachomoa picha ya almasi mbili zilizoelekezana ncha. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akakibana jichoni, akaiinamia karatasi ya printa. Mazoea hayo. "Nani kazikata hizi? Ncha zote bapa!"

Nikamweleza kwamba ndivyo zinavyotakiwa. Unaweka chembe ya kitu kati ya ncha hizo, unakaza skrubu, na kwa kuwa almasi inapitisha mwanga, unakitazama kikiwa kimebanwa. Kitu chenyewe kwenye semina yangu kilikuwa molekuli za kaboni, kila moja ina atomi 60 zilizojipanga kama viraka vya mpira wa miguu. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walizitia potasiamu, wakazipoza hadi Kelvini 18 hivi, yaani karibu nyuzi 255 chini ya sifuri, umeme ukapita bila ukinzani wowote.

"Ukizibana je?"

"Zinaharibika. Mipira ikisogeleana, elektroni zinatawanyika kwenye nishati nyingi zaidi, zinabaki chache pale zinapohitajika. Inabidi upoze zaidi ndipo ukinzani uondoke."

"Basi za nini kuzibana?"

Hapo ndipo niliponoga. Tia siziamu badala ya potasiamu: atomi zake ni nene, zinaisukuma mipira mbali, elektroni zinakwama kila moja kwenye mpira wake, umeme haupiti. Sasa bana, karibu mara 7,000 ya kanieneo ya hewa. Elektroni zinaachia, na ukipoza, kufikia Kelvini 38 tu ukinzani umetoweka. Hilo lilitangazwa mwaka 2008. Kwa kweli kanieneo hiyo hata silinda ya chuma yenye pistoni inaifikisha, ila mjomba nilimwachia almasi zake.

"Kumbe mmoja anataka kubanwa, mwingine hataki," akasema, kisha akawaita wenzake waione picha. Wakaanza kubishana bei, huyu anataja milioni, yule anacheka. Mmoja akaniuliza uzito.

"Robo karati hivi kila moja."

Mjomba akanirudishia karatasi. "Robo, tena bapa? Mwanangu, hiyo simpelekei mteja."