Kura mbili za Cleverly

Kila ninapozirudia namba za mchujo wa chama cha Conservative cha Uingereza wa mwaka 2024, naona watu wanaitaja tarehe isiyo yenyewe. Husemwa kiongozi alipatikana tarehe 2 Novemba, siku Kemi Badenoch alipotangazwa mshindi. Kwangu mimi kazi ilikwisha Jumatano ya tarehe 9 Oktoba, pale wabunge 120 walipopiga kura ya siri na kumtoa James Cleverly, aliyekuwa akiongoza jana yake.

Tuanzie Julai. Uchaguzi mkuu wa tarehe 4 ulikiachia chama wabunge 121, wachache kuliko wakati wowote katika historia yake. Rishi Sunak, kiongozi wa chama, alitangaza kung'atuka siku iliyofuata, ila akakubali kukalia kiti mpaka mrithi apatikane. Hapo ndipo penye uamuzi wa kwanza, nao huwa mgumu: mbio ziwe fupi au ndefu? Zikiwa fupi, chama kinachagua huku kila mtu bado anamtafuta mchawi. Zikiwa ndefu, serikali mpya inapeta bungeni bila mpinzani wa maana. Bodi ya chama na Kamati ya 1922, ambayo ndiyo kamati ya wabunge wa kawaida, zilichagua mbio ndefu: fomu mwishoni mwa Julai, mchujo Septemba na Oktoba, matokeo Novemba. Katikati palikuwa na mkutano mkuu wa Birmingham, ambako wagombea wanne waliobaki walipandishwa jukwaani mmoja mmoja.

Fomu ilidai majina 10 ya wabunge: mmoja wa kupendekeza, mmoja wa kuunga mkono na wanane wengine. Sita walivuka. Kisha ikaja fedha. Aliyefika wanne bora alitoa pauni 50,000, na wawili wa mwisho wakaongeza 150,000 kila mmoja, kampeni yenyewe ikiwekewa ukomo wa pauni 400,000. Chama kilichotoka kushindwa huwa hakina kitu mfukoni, kwa hiyo ada hiyo ni mchango kwa jina lingine.

Sasa mchujo. Tarehe 4 Septemba Robert Jenrick alipata 28, Badenoch 22, James Cleverly 21, Tom Tugendhat 17, Mel Stride 16, na Priti Patel akatoka na 14. Wiki iliyofuata Stride naye akatoka. Baada ya Birmingham, ambako Cleverly alihutubia vizuri kuliko wenzake, mambo yakapinduka: tarehe 8 Oktoba Cleverly 39, Jenrick 31, Badenoch 30, Tugendhat 20 na nje.

Shika kalamu hapa. Wamebaki watatu, wapiga kura ni 120, na wawili wanasonga mbele kwenye kura ya wanachama, ambao ndio wanaoamua mshindi. Mwenye kura 41 hawezi kutolewa, maana zinabaki 79, na 79 hazitoshi kuwapa wenzake wawili 40 kila mmoja. Cleverly alikuwa na 39. Alihitaji kura mbili tu, na kura 20 za Tugendhat zilikuwa zimebaki bila mwenyewe. Kesho yake matokeo yakawa Badenoch 42, Jenrick 41, Cleverly 37.

Wawili hao waliongeza kura 22 kwa pamoja. Hata kama watu wote 20 wa Tugendhat waliwaendea wao, bado kuna angalau wawili waliompa Cleverly Jumanne na kumkimbia Jumatano. Maelezo yaliyoenea Westminster ni ya kuazimana kura: wapambe wanaodhani mtu wao amekwisha kuvuka humpigia mpinzani aliye dhaifu ili ndiye akutane naye mwisho. Kama ndivyo, kosa lake linaeleweka. Kura ni ya siri, hakuna anayejua wenzake wangapi wameazimisha, na wakifanya hivyo kila mmoja kivyake, mtungi unakauka. Kambi yenye akili huhesabu kwanza 41 zake, kwa majina, ndipo ifikirie ujanja.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2001, baada ya kushindwa tena na chama pinzani cha Labour, wabunge wa chama hichohicho walitoa Kenneth Clarke 59, Iain Duncan Smith 54, Michael Portillo 53. Portillo akaachwa kwa kura moja. Wanachama wakampa Duncan Smith ushindi wa takriban asilimia 61, lakini bungeni alikuwa na theluthi tu ya wenzake, na Oktoba 2003 haohao wabunge wakamwondoa kwa kura 90 dhidi ya 75. Huo ndio udhaifu wa mfumo wa ngazi mbili.

Labour nao wamepita humo. Mwaka 2010 kura ziligawanywa mafungu matatu: wabunge, wanachama, na vyama vya wafanyakazi na washirika wengine. David Miliband aliongoza katika mafungu mawili ya kwanza, akashindwa na mdogo wake Ed kwa sababu ya la tatu, asilimia 50.65 kwa 49.35. Wakabadili kanuni. Mwaka 2015 Jeremy Corbyn alipata wadhamini 36 pale walipotakiwa 35, baadhi yao wakisaini ili tu mjadala upanuke. Akashinda duru ya kwanza kwa asilimia 59.5, na mwaka uliofuata wabunge 172 kwa 40 wakasema hawana imani naye. Mdhamini anayetoa saini kwa adabu amekwisha kupiga kura, hata kama hajui.

Kwa wanachama wa Conservative mambo yalikuwa mepesi zaidi. Sharti lilikuwa uanachama wa siku 90, ili asije mtu akanunua kadi leo na kuchagua kesho. Waliostahili walikuwa 131,680, na asilimia 72.8 wakapiga: Badenoch 53,806, Jenrick 41,388. Kura zilipigwa kwa posta na mtandaoni kwa wiki kadhaa. Sisi tumezoea ukumbi, kama Mlimani City Januari 2025, wajumbe wa Chadema wakikesha mpaka Tundu Lissu alipopata 513 na Freeman Mbowe 482. Ukumbini mjumbe anamwona mgombea na anawaona wapambe wake pia, pamoja na bahasha kama zipo. Nyumbani mwanachama humwona kwenye televisheni tu. Sijaamua lipi bora.

Badenoch alianza kazi akiwa na watu 42 kati ya 121 waliomchagua katika kura ya mwisho ya wabunge, karibu theluthi ileile ya Duncan Smith. Zamani barua za asilimia 15 ya wabunge, yaani 19 kati ya 121, zingetosha kuitisha kura ya kutokuwa na imani. Kiwango hicho kimepandishwa hadi theluthi moja, ambayo kwa wabunge 121 inahitaji barua 41. Anayezipokea ni mwenyekiti wa Kamati ya 1922, naye hasemi anazo ngapi.