Kubadilisha Mabenchi ya Mtumbwi Wetu wa Butiaba

Mwezi Februari, tukiwa tunavuta nyavu kabla ya alfajiri, benchi la katikati la mtumbwi wetu liling'oka upande wa kushoto, na mpwa wangu, ambaye alikuwa amelikanyaga kwa mguu mmoja ili apate nguvu ya kuvuta, akaangukia nanga na kuvunjika mbavu mbili. Sasa amepona, lakini nimeona ni wajibu wangu kueleza nilichokikuta nilipolichunguza benchi lile, kwa kuwa mitumbwi mingi hapa Ziwa Albert, Uganda, imefungwa mabenchi kwa namna ileile.

Ubao wenyewe ulikuwa wa mkaratusi, nao ulikuwa bado mzima. Kasoro ilikuwa kwenye misumari. Aliyeunda mtumbwi alikuwa amepiga misumari mitatu kutoka nje ya ubavu hadi ndani ya ncha ya ubao, na msumari unaoingia nchani hufuata nyuzi za mti badala ya kuzikata, kwa hiyo hauna cha kushika. Ongeza mtetemo wa injini kila siku, pamoja na maji ya Albert ambayo yana chumvichumvi zaidi kuliko ya Ziwa Viktoria, utaelewa kwa nini misumari ile ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikawa myembamba kama sindano za kushonea magunia.

Nilikuwa tayari kung'oa mabenchi yote manne kwa siku moja. Mzee mmoja aliyeunda mitumbwi tangu ujanani alinizuia. "Mwanangu," aliniambia, "ukiyatoa yote, jioni utakuta mtumbwi mwingine." Benchi hukaliwa, ni kweli, lakini kazi yake kubwa ni kuzishika mbavu mbili za chombo zisifunguke mtumbwi unapokuwa mchangani wala zisibanwe na mawimbi ukiwa majini. Kwa hiyo tulipima kwanza upana wa mtumbwi kutoka ukingo hadi ukingo mahali pa kila benchi, tukaandika vipimo kwa chaki, kisha tukapigilia ubao wa muda juu ya kingo kabla ya kutoa benchi moja tu. La pili halikuguswa mpaka la kwanza lilipokazwa.

Kwa mabenchi mapya nilichagua mvule wa inchi 2 kwa 10. Mti wa musizi ni mwepesi na wa bei nafuu, na sina ugomvi na anayeutumia, ila benchi la katikati hukanyagwa na watu wawili wakivuta wavu uliojaa, nami sikutaka kulihofia tena. Mbao zilikaa kivulini chini ya mabati kwa miezi miwili zikikauka, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kwa maana ubao mbichi ukishafungwa husinyaa na kuacha bolti zikicheza. Wakati wa kuzilaza tulihakikisha upande wa kiini cha mti unatazama juu. Ubao unapokauka hujikunja kuelekea upande wa gome, hivyo ukiulaza kiini juu, mgongo wake huinuka kidogo katikati na maji hutiririka pembeni badala ya kutuama pale unapokaa.

Kufunga ndiko kulikochukua muda mrefu. Tulichagua mahali ambapo kila ncha ya benchi ingelala karibu na taruma, yaani mti wa kiunzi unaoshikilia mbao za ubavu kwa ndani, kisha tukafunga ndani ya kila ubavu ubao mrefu unaovuka mataruma matatu, ili uzito wa mkaaji ugawanyike kwa mataruma yote matatu badala ya kuuelemea ubao wa ubavu. Benchi likalala juu ya ubao huo. Kila ncha ilipata bolti mbili za milimita 10 zisizoshika kutu, zenye kichwa cha mviringo, zikiwa na washa pana chini ya nati ili nati isizame kwenye mti. Tulitoboa kwa keekee, tukapaka gundi ya kuzuia maji ndani ya tundu, tukakaza kwa spana namba 17, kisha tukaongeza nati ya pili juu ya ile ya kwanza ili mtetemo usiilegeze. Hakuna tundu hata moja lililopenya ubao wa nje, na kwa hili namsihi kila fundi asikubali kushawishiwa vinginevyo.

Ncha za bolti zilizobaki zilikatwa kwa msumeno wa chuma na kusuguliwa kwa tupa. Anayevua muziri na ragoge, samaki wadogo wa ziwa letu, kwa nyavu za matundu madogo anajua hasara ya ncha moja tu iliyojitokeza. Kwa sababu hiyohiyo kingo zote za mabenchi tulizipiga randa na msasa mpaka zikawa za mviringo.

Kuna jirani aliyenishauri nifunge viti vya kuzunguka, vyenye mto na mguu wa chuma, kama vile vya boti za watalii wanaovua sangara karibu na maporomoko ya Murchison. Viti hivyo vinafaa boti yenye sakafu imara na upana wa kutosha. Katika mtumbwi mwembamba kama wetu vingepandisha uzito wa watu juu, na upepo mkali ukivuma, uzito ulio juu ndio unaopindua chombo. Mabenchi yetu yamebaki chini ya ukingo, kiasi kwamba mtu akiketi, ubavu unamfika kiunoni.

Tulipaka rangi ya mafuta mara mbili chini na pembeni, na juu tukaacha mti mtupu uliopakwa mafuta ya kitani, kwa kuwa rangi ikilowa huteleza. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka, niliikataa kwa sababu huchafua nguo na samaki, na mwishowe huingia ziwani. Baada ya wiki tatu majini nilirudi na spana na kukuta nati tano zimelegea, nikazikaza. Benchi la nyuma, lile ambalo tangi la petroli hukaa chini yake, bado ni la zamani, na mbao zake mpya ziko chini ya mabati zikikauka.