Wadhamini watatu

Tangazo la kazi ninayoomba ni la karani wa ghala, la kawaida tu: barua ya maombi iliyosainiwa, maelezo binafsi, nakala za vyeti, cheti cha kuzaliwa, na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika wenye namba za simu zinazopatikana. Vyote ninavyo isipokuwa hao watatu, na ndio walionizungusha Moshi wiki hii nzima.

Niliacha kazi mwaka 2017, mama alipopata kiharusi. Nilikuwa karani kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Nikarudi Kibosho kumuuguza. Mazoezi ya mkono, kliniki hospitali ya KCMC, vidonge vya presha ambavyo havitaki usahau hata asubuhi moja. Sasa anatembea na mkongojo wake hadi kanisani na kurudi, na ni yeye aliyeniambia, "Mimi nimeshapona kiasi changu, mwanangu. Nenda katafute kazi."

Nina miaka 41. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, wanaotangaza kazi za serikali, huweka ukomo wa miaka 45 kwa asiye tayari kazini serikalini, kwa hiyo sina muda wa kusitasita. Nakala za vyeti zimeshagongwa mhuri kwa wakili. Cheti cha utumishi pia ninacho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti hicho unapoondoka, na nawasihi mnaoacha kazi sasa, msitoke getini bila hiyo karatasi. Inaeleza ulikuwa nani, wapi na lini. Namna ulivyofanya kazi, hiyo mpaka mtu aiseme.

Msimamizi wangu wa zamani alishastaafu na namba yake haipatikani. Mbebaji mmoja wa enzi zile, siku hizi anauza mitumba soko la Memorial, ndiye aliyenielekeza nyumbani kwake Kiboriloni. Nikamkuta mzee huyo msimamizi anapalilia migomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniangalia kwa muda mrefu. Nikaanza kuogopa kwamba amenisahau.

"Wewe si yule binti uliyekuwa huandiki uzito mpaka mshale wa mzani utulie?"

Nilishindwa kujibu. Ilikuwa kweli. Gunia la kahawa safi ni kilo 60, na wabebaji wakiwa na haraka wanakutajia namba mshale ungali unacheza, ili wapishe gunia linalofuata. Ukiachia nusu kilo kila gunia, lori likijaa umeshamdhulumu mkulima ambaye hayupo pale kujitetea. Miaka yote nilidhani hakuna aliyekuwa ananiona. Mzee aliniandikia namba yake mpya kwa mkono wake, akairudia kuisoma tarakimu moja moja, akasema wakimpigia hata usiku atapokea.

Wa pili sikumtarajia. Nikiwa kijijini, msimu wa kahawa chama chetu cha msingi cha ushirika kilikuwa kinaniomba nikasaidie kupima na kuandika stakabadhi za wakulima, saa zile mama amelala mchana. Sikuwahi kuiita kazi kwa sababu haikuwa na mshahara, ni posho ya hapa na pale. Nilipokwenda kumuaga katibu na kumweleza ninachotafuta, akasema, "Dada, vitabu vipo ofisini na mwandiko ni wako. Iandike, na uweke jina langu."

Nimeiandika. Na kumuuguza mama nako nimekuandika, mstari mmoja, bila kuomba radhi. Tuko wengi, hasa wanawake, tuliorudi nyumbani kwa ajili ya mgonjwa au mtoto, na tunaiacha ile miaka wazi kwenye karatasi kana kwamba tulikuwa tumelala. Anayesoma atajuaje kama sisi wenyewe hatusemi?

Bado wa tatu. Mwalimu wangu wa chuo alihamia Dodoma. Nilipompigia alinikumbuka kwa jina, ila akasema hawezi kumdhamini mtu wa miaka ile; nimtumie kwanza maelezo yangu mapya ayasome, kisha tuzungumze. Nimeona ana haki. Nimemtumia WhatsApp jioni hii, nikamwambia na tarehe: mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa.