Krema ya jua ya yuro 18: someni kabla hamjaagiza

Yuro 18. Ndiyo bei ya kichupa cha mililita 50 kwenye kabati la farmasi hapa Brussels, kile kile ambacho Ibanda nzima kule Bukavu na Himbi nzima kule Goma wanakiagiza wakisikia mtu anarudi nyumbani mwezi wa saba. "Yaya, usisahau ile ya namba 50." Yuro 18, wandugu! Pimeni wenyewe hapo kuna samaki sambaza kiasi gani, au makala ya kupikia ya siku ngapi. Na bei siyo inayoudhi zaidi. Kinachoudhi ni kwamba kichupa kikifika kinapakwa kama marashi, tone moja shavu hili, tone moja shavu lile, halafu mtu anajisifu kwamba chake kimedumu mwaka.

Hiyo namba 50, yaani kipimo cha kinga (SPF), ilipimwa maabara kwa miligramu 2 za krema juu ya kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa uso, masikio na shingo, nyoosha kidole cha shahada na cha kati, kamulia krema juu yake kutoka shinani hadi nchani. Ni karibu mililita 2. Basi kichupa cha 50 kinatoa mipako 25 tu. Ukipaka mara moja kwa siku hakimalizi mwezi. Kama chako kimetoka Pasaka kikafika Krismasi, ujue hukuwahi kuvaa 50. Ukipaka robo ya kipimo, kinga inaporomoka vibaya sana.

Kwa hiyo acheni kabati la farmasi. Supamaketi za huku zina chupa za mililita 200, namba 50, kwa yuro 6 au 7, na sheria ya vipodozi ya Ulaya inayozibana ni ile ile. Geuzeni chupa mtazame mgongoni. Namba inahusu hasa miale ya UVB, ile inayounguza: 30 inazuia karibu asilimia 97, 50 karibu 98. Tofauti ni ndogo, ila kwa kuwa wote tunapaka pungufu, chukueni 50. Miale ya UVA, inayozeesha ngozi na kupita hata kwenye kioo cha gari, ina alama yake: herufi UVA ndani ya duara. Isipokuwepo, rudisha chupa rafuni. Kopo dogo lililochorwa wazi na 12M maana yake miezi 12 tangu siku ya kufungua. Chupa iliyoshinda juani kwenye meza ya barabarani, au ndani ya gari huko Lubumbashi, ikitoka maji upande na chenga upande, tupa, hata kama tarehe bado.

Msiniambie ngozi nyeusi haihitaji, wala msiniambie tutakufa bila hiyo. Melanini yetu, ile rangi ya asili ya ngozi, ni kinga ya kweli, na kansa ya jua kwetu ni nadra. Kinachotusumbua ni madoa: chunusi inapona, inaacha alama nyeusi miezi sita; mimba inaacha madoa kama barakoa usoni. Madoa hayo yanakolezwa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na krema inayopotea ngozini haiuzuii. Unaozuia ni oksidi ya chuma, yaani krema yenye rangi. Kwenye orodha ya viungo tafuta CI 77491, 77492 na 77499. Shida ni kwamba rangi za huku zimepikwa kwa ajili ya wazungu. Njia ni kupaka krema ya kawaida kwanza, ikauke, kisha fondoteni, ile krema ya urembo yenye rangi ya ngozi yako, juu yake. Zile za zinki na titani peke yake zinatuacha na rangi ya majivu ya volkeno ya Nyiragongo.

Msichanganye krema ya jua na losheni kiganjani, mnaipunguza nguvu. Losheni nyepesi kwanza, dakika tano, kisha krema ya jua, ipake mara mbili, dakika 15, ndipo utoke. Ukitanguliza vaselini nene, krema haishiki: inatoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Rudia kila saa mbili ukiwa juani, na kila ukifuta jasho. Shati jeupe la kanisani likipata madoa ya kutu kwenye kola, ni avobenzoni, kizuia jua kilichomo kwenye krema, imekutana na chuma kilichomo kwenye maji ya kufulia. Javel ya kung'arisha nguo inazidisha, ndimu inaondoa. Ndimu hiyo iishie kwenye shati. Usoni, chini ya jua, inaunguza na kuacha doa kuliko lile mlilolikimbia.

Na nyie mnaoagiza krema ya jua pamoja na ya kujichubua, nisemeje? Haidrokwinoni, ile kemikali ya kuchubua, imekatazwa kwenye krema za ngozi huku tangu 2001. Inaondoa ile kinga ya bure, halafu mnataka ninunue nyingine kwa yuro!

Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500, chini kidogo ya ikweta, na mawingu mepesi yanapitisha sehemu kubwa ya miale. Kipimo ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, yaani takriban saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua ni kali. Baridi ya Juni Lubumbashi haibadilishi kitu. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, asihangaike na chupa. Mikono mirefu ya kitambaa kizito haihitaji kurudiwa.

Mnaojiandaa kuja: mkitua Novemba, msinunue krema hata moja. Jua la hapa wakati huo ni taa tu. Hadi Machi halitoshi hata kuipa ngozi nyeusi vitamini D, mwombeni daktari awapime. Na chupa ya zaidi ya mililita 100 iende kwenye sanduku, siyo mkobani.

Kilo zangu za sanduku, mwezi wa saba, ni za watoto wenye ualbino. Kwao jua ni kidonda, na kidonda hicho mara nyingi huwa kansa mapema maishani. Moshi, Tanzania, wanatengeneza krema yao, Kilisun, kwa ajili hiyo hiyo. Mtoto wa chini ya miezi sita asipakwe, akae kivulini. Mkubwa apewe kofia ya ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, kisha krema: usoni, masikioni, kisogoni, midomoni, mgongoni mwa viganja, kabla ya shule na tena wakati wa mapumziko. Mwenye mtoto kama huyo mtaani kwake aniandikie umri na idadi. Wa namba 50 ya madaha, subirini.